Usimuulize Mzee Ana Miaka Mingapi

Ukitaka kujua mzee anaishije, usimuulize ana miaka mingapi. Uliza anafikaje chooni. Anainuka kitandani mwenyewe? Mlango anauona? Akishachuchumaa, anaweza kusimama bila kushikwa mkono? Usiku akibanwa, anamwamsha nani? Majibu ya maswali hayo yatakueleza mengi kuliko tarehe ya kuzaliwa, ambayo wazee wengi wa kwetu hawaijui.

Madaktari walishalifikiria swali hili zamani. Mwaka 1963 daktari wa Marekani aitwaye Sidney Katz, pamoja na wenzake wa Cleveland, walichapisha kipimo walichokipata kwa kuwafuatilia wagonjwa wazee, wakiwemo waliovunjika nyonga. Waliangalia mambo sita tu: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Walichogundua ni kwamba uwezo huu haupotei ovyo. Kuoga hutangulia kuondoka, kula huwa mwisho. Na anayepata nafuu hurudishiwa kwa kuanzia na kula, karibu kama mtoto anavyokua. Zaidi ya miaka sitini imepita na kipimo hicho bado kinatumika duniani kote, kwa sababu kinagusa kile ambacho mzee mwenyewe anakiogopa.

Nimekulia Machame, wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Huko mkikutana njiani na kusalimiana, swali linalofuata salamu ni, "Na mama, bado anajiweza?" Jibu hutofautiana. "Anajiweza, juzi alikuwa anapalilia." Au: "Yupo tu, siku hizi ni wa ndani." Huyo wa ndani ndiye ninayemwandikia leo.

Katika ukoo wetu niliona aina mbili za maisha marefu, na zote zilikuwa katika boma moja. Bibi yangu mzaa baba alivuka miaka tisini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa tayari msichana wa kukata majani ya ng'ombe, ndivyo alivyotuhesabia umri wake. Mpaka msimu wake wa mwisho alipanda kilima kwenda kanisani na fimbo yake, na bodaboda wakisimama kumpa lifti aliwaambia waendelee na safari. Macho yalififia, masikio yakawa mazito, lakini alioga mwenyewe, alikwenda chooni mwenyewe, na aliugua kwa wiki chache tu kabla hajafa.

Mwanawe, baba yangu mdogo, alikuwa dereva wa lori. Mtu mkubwa wa mwili, mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Akiwa na miaka hamsini na minane alianguka asubuhi moja akinyoa ndevu. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia, na maneno yakaondoka nacho. Akaishi miaka mingine kumi na moja. Alipofariki alikuwa na sitini na tisa, juu kabisa ya wastani wa Mtanzania wa kizazi chake, kwa hiyo kwenye takwimu za umri wa kuishi yeye na mama yake wote ni habari njema. Lakini mimi nimemwona mama wa miaka themanini na kitu akimlisha uji mwanawe wa miaka sitini, kijiko kwa kijiko, akimfuta kidevu kwa khanga yake. Tangu hapo sikuweza tena kusikia mtu akiombewa "maisha marefu" nikaitikia amina bila kuongeza maneno yangu moyoni.

Wanaohesabu mambo haya wana vipimo viwili, na ni vizuri kuvitenganisha. Cha kwanza ni wastani wa umri wa kuishi: mtoto aliyezaliwa leo, hali ikibaki hivi ilivyo, atafika miaka mingapi. Cha pili ni umri wa kuishi kwa afya. Hapa kila mwaka wa ugonjwa au ulemavu hupunguzwa kwa uzito wake. Mwaka wa kuishi na maumivu kidogo ya mgongo hupunguza kidogo. Mwaka wa kulala kitandani umepooza hupunguza sana. Kwa hiyo tofauti ya vipimo hivi viwili isisomwe kana kwamba kila mtu atalala kitandani kwa idadi hiyo ya miaka. Ni jumla ya vipande vilivyomegwa maisha yote, ila vipande vikubwa humegwa mwishoni.

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wastani wa umri wa kuishi duniani ulipanda kutoka karibu miaka 67 mwaka 2000 hadi miaka 73 mwaka 2019. Umri wa kuishi kwa afya nao ulipanda, kutoka miaka 58 na kidogo hadi karibu 64. Ukitoa, utaona kwamba uhai ulikimbia mbele kidogo kuliko afya. Pengo halikuzibwa, lilipanuka. Katika kanda ya Afrika ya shirika hilo, umri wa kuishi kwa afya ulitoka miaka 46 hadi 56 katika kipindi hichohicho, hatua kubwa kuliko ya kanda nyingine yoyote. Ni jambo la kujivunia, nami najivunia.

Lakini tujiulize hatua hiyo imetoka wapi. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2004/05 ulikuta watoto 112 kati ya kila 1,000 wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta 43. Chanjo, vyandarua, dawa za malaria, dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi: hivyo ndivyo vilivyounyanyua wastani wetu. Tumeongeza miaka kwa kuwaokoa watoto na vijana, na hakuna kazi bora kuliko hiyo. Ila mtu asiuangalie wastani huo akadhani tumejifunza pia kuwatunza wazee. Hilo ni somo lingine, na kwa sehemu kubwa hatujalianza.

Na wanafunzi wa somo hilo wanaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2.5. Sensa ya 2022 ilihesabu karibu milioni 3.5. Kwa asilimia ni mabadiliko madogo mno, kwa sababu watoto nao wamezaliwa wengi, na hapo ndipo watu wa mipango hupotea: wanaona asilimia chini ya sita, wanasema nchi yetu ni ya vijana, wanafungua ukurasa mwingine. Milioni moja ya wazee wapya ndani ya miaka kumi haionekani kwenye asilimia. Inaonekana kwenye nyumba.

Sasa nirudi Hai, kwa sababu wilaya yetu ina bahati ya pekee. Imechunguzwa kuliko maeneo mengi ya vijijini Afrika. Kati ya 2003 na 2006, watafiti walifuatilia kila kiharusi kilichotokea katika eneo fulani la Hai na eneo fulani la Dar es Salaam, wakihesabu hata waliougulia nyumbani bila kufika hospitali. Baada ya kusawazisha umri wa watu wa sehemu zote mbili, Hai ilipata viharusi vipya 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilipata 316. Karibu mara tatu. Nakumbuka nilivyolisoma hilo nikiwa kwenye kibaraza changu Dar es Salaam, nikawatazama majirani zangu wakipita, watu wa miaka arobaini na hamsini, wengi tumekuja kutoka mikoani tukiwa wembamba.

Basi mtu atasema kijijini ni salama. Hapana. Uchunguzi mwingine ulipima presha za wazee wa Hai wenye miaka 70 na zaidi, wakulima wa kahawa na migomba waliopanda milima maisha yao yote. Karibu saba kati ya kumi walikuwa na presha ya juu. Wengi wao hawakujua. Waliojua, wengi hawakuwa kwenye dawa. Na waliokuwa kwenye dawa, wachache tu ndio presha yao ilikuwa imetulia. Bibi yangu pengine alikuwa mmoja wao. Sikuweza kujua wakati huo, maana hakuna aliyempima mpaka alipokuwa na miaka themanini na zaidi.

Presha haina adabu ya kubisha hodi. Ndiyo ubaya wake. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi, mchana na usiku, na mshipa unajibu kwa kukakamaa na kuwa mnene. Moyo unatanuka kwa kazi. Figo zinachakaa. Vimishipa vidogo vya ndani kabisa ya ubongo vinaziba kimoja kimoja, na mtu anaanza kusahau mambo kabla hata hajaanguka. Haya yanaweza kuchukua miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo mwenye mwili analima, anaendesha lori, anacheka. Siku ya kiharusi inaonekana kama ajali, kumbe imeandaliwa tangu akiwa na miaka arobaini.

Ndiyo maana nasema uzee mbaya hauanzii uzeeni. Ukimpa mzee wa miaka sabini na tano ushauri wa chumvi, umefanya jema, lakini kazi kubwa ilikuwa kwa mwanawe wa arobaini na mbili aliyemleta kliniki na kukaa kwenye benchi akichezea simu, ambaye hakuna aliyemfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi.

Ninayo mazungumzo ambayo nimeyasikia kwenye mabenchi hayo mara nyingi, na nadhani kila mtu wa kwetu atayatambua.

"Baba, shikamoo. Dawa za presha unameza?"

"Marahaba. Nameza."

"Kila siku?"

"Nikiisikia inapanda."

Haisikiki ikipanda. Kichwa kuuma ni kichwa kuuma. Mtu anakunywa amlodipini kama anavyokunywa panadoli, na akijisikia vizuri anaweka pakiti kabatini ili imfae siku nyingine, kwa sababu pakiti ni hela. Wengine wamepewa ile dawa ya kukojoza, na siku ya safari au ya ibada hawaimezi kwa sababu kwenye basi hakuna choo. Huo si ujinga. Ni hesabu ya mtu mwenye heshima zake ambaye hataki kuaibika kwenye kiti cha basi. Mhudumu anayechukua dakika tatu kumwambia kwamba dawa ile anaweza kuimeza akifika, au kumwomba daktari ambadilishie, ameokoa zaidi ya mhudumu aliyemfokea kwa kutomeza.

Na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ukihesabu kila kilichomo kwenye mkate na supu. Kwetu Uchagani kuna pia magadi kwenye kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, na kwenye makande ili maharage yalainike upesi. Magadi yana sodiamu kama chumvi, ila hakuna anayeyahesabu. Sisemi kiburu kifutwe, sisi ni kiburu. Nasema maharage yakilowekwa usiku kucha yanalainika bila magadi mengi, na mama zetu walilijua hilo kabla ya daktari yeyote.

Sasa nataka kukaa kidogo kwa mama mdogo, mke wa yule baba mdogo, kwa sababu yeye hayumo kwenye takwimu zozote nilizozitaja.

Mtu aliyepooza anapaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi ya makalio na visigino inakosa damu na kufanya vidonda. Kila saa mbili, pamoja na usiku. Mama mdogo alifanya hivyo kwa mwanamume aliyemzidi uzito kwa mbali. Alifua mashuka kila siku, kwa sababu pampasi za watu wazima ni gharama ambayo familia ya dereva mgonjwa haiimudu. Alimwogesha, alimnyoa, alijifunza kutafsiri miguno yake. Wageni walipokuja walimsifu kwa uvumilivu, wakaacha sukari na sabuni, wakaondoka. Hakuna mtu hata mmoja kutoka kituo cha afya aliyefika kumwonyesha namna ya kumwinua mgonjwa bila kuumiza mgongo, na mafunzo hayo yanachukua nusu saa.

Mgongo ukaumia. Kisha magoti. Akaanza kununua diklofenaki duka la dawa, vidonge viwili kwa siku, kwa miaka. Dawa hiyo inaondoa maumivu kweli, lakini ikitumiwa mfululizo inapandisha presha, inachubua tumbo na kuchosha figo. Leo mama mdogo ana presha, ana vidonda vya tumbo, anatembea kwa kushika ukuta. Yuko mwishoni mwa miaka ya sitini. Ulemavu wa mmoja ulizaa ulemavu wa mwingine ndani ya nyumba ileile, na ninapoulizwa nchi yetu inatumia nini kuwatunza wazee, jibu langu ni hilo: inatumia migongo ya wanawake.

Tunapenda kusema sisi Waafrika hatuwatupi wazee wetu, hatuwapeleki kwenye nyumba za kulelea kama Ulaya. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na sitaki tuache. Lakini sentensi ile husemwa zaidi na wanaotuma hela kwa simu kuliko wanaofua mashuka. Mapenzi yapo. Kisichokuwepo ni kiti chenye tundu cha kuweka juu ya shimo la choo, ambacho seremala yeyote wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa siku moja. Ni bomba la kushikilia ukutani. Ni jozi ya mikono mingine mara moja kwa wiki ili mtu kama mama mdogo alale.

Japani, nchi inayosifiwa kwa wazee wake, nayo haikuponyoka. Mwaka 2019 wanawake wa Japani walitarajiwa kuishi miaka 87.45, lakini miaka yao ya kuishi bila afya kuwazuia shughuli zao ilikuwa 75.38. Tofauti ni miaka kumi na miwili. Kwa wanaume ilikuwa kama tisa. Kuishi mrefu peke yake hakujaziba pengo hata kwa matajiri. Walichofanya Wajapani ni kulikubali wazi na kulilipia: tangu Aprili 2000 wana bima ya matunzo ya uzeeni, na mtu huanza kuichangia akitimiza miaka arobaini. Umri uleule ambao presha zetu zinaanza kupanda bila kupimwa.

Mfano wa upande wa pili tunao hapahapa. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wetu wa pili, alizaliwa Mei 1925 na kufariki Februari 29, 2024, akiwa na miaka 98. Nchi nzima ilimjua kwa mazoezi. Akiwa na miaka tisini na zaidi bado alisimama kwenye hadhara, akahutubia, akatania watu wakacheka. Ugonjwa wake wa mwisho, saratani ya mapafu, ulimlaza kwa miezi michache kutoka matibabu yalipoanza Novemba 2023. Mwaka 1980 daktari James Fries wa Marekani aliandika kwamba hili ndilo lengo la kufuatwa: kuusukuma ugonjwa hadi ukingoni kabisa mwa maisha, ili muda wa kuugua uwe mfupi hata kama maisha ni marefu. Watu humtaja Mzee Mwinyi kama muujiza. Mimi naona mambo mawili zaidi, nidhamu yake ya kutembea, na madaktari waliompima kwa miongo mingi. La kwanza ni letu sote tukitaka. La pili lingeweza kuwa letu sote kama zahanati ingekuwa na mashine inayofanya kazi na dawa zisizokatika.

Nisingetaka mtu adhani hatari ya uzee mbaya ni kitanda tu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, Shinyanga, Mwanza, Simiyu, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, na moja ya "ushahidi" umekuwa macho mekundu. Macho hayo ni ya moshi. Ni ya kupika kwa kuni, mabua na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha kwa miaka hamsini, kulisha watu walewale. Mama amechoma macho yake kwa ajili ya familia, kisha macho yanamhukumu. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Unazungumzwa zaidi kwa habari ya misitu. Mimi nauona pia kuwa ni mkakati wa kuwalinda wazee.

Na tukiwa kwenye macho: mtoto wa jicho unatolewa kwa upasuaji usiofika saa moja, mara nyingi bila kulazwa. Hospitali za KCMC pale Moshi na CCBRT Dar es Salaam zimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Mzee anayeona hajikwai ovyo, hupika mwenyewe, huhesabu hela zake mwenyewe bila kuibiwa na mjukuu. Sijui tiba nyingine inayomrudishia mtu maisha mengi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Lakini wazee wengi bado wanakaa na ukungu ule machoni kwa sababu watoto wao wanasema, "Si uzee huo."

Hilo "si uzee huo" ndilo ninalopigana nalo zaidi. Magoti, si uzee huo. Kusahau jina la mkwe, si uzee huo. Watafiti walipowachunguza wazee wa Hai wenye miaka 70 na kuendelea, walikuta zaidi ya sita kati ya kila mia wana ugonjwa wa kupoteza akili. Wengine waliobaki hawakuwa nao, na hao ndio walio wengi. Mzee akianza kupotea njia ya kwenda shambani, apelekwe akachunguzwe. Inaweza kuwa presha, tezi ya shingoni, upungufu wa damu, sonona, au dawa alizochanganyiwa.

Kwa maandishi hatuko nyuma. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na inamtambua mzee kuanzia miaka 60. Matibabu bure kwa mzee asiye na uwezo yameahidiwa. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee na bango la kuwapisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023. Zanzibar ilikwenda mbele zaidi: tangu Aprili 2016 kila mkaazi mwenye miaka 70 na kuendelea hupata Pensheni Jamii, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi na ikapandishwa hadi 50,000, bila kuulizwa kama aliwahi kuajiriwa. Kenya nayo ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi. Bara bado tunasubiri pensheni ya namna hiyo. Na dirisha la wazee ni jambo jema mpaka mzee anapofika mwisho wa foleni yake ya heshima na kuambiwa, "Dawa hii imekwisha, kanunue nje." Nimesimama na wazee kwenye dirisha kama hilo. Walikuwa wameamka alfajiri.

Lakini nitakuwa sijasema kweli kama nitaishia kwa serikali. Ukoo wetu una mfuko wa msiba. Karibu kila ukoo Kilimanjaro unao. Mtu akifa, ndani ya saa chache zimepatikana hela za jeneza, za basi la kutoka Dar es Salaam, za ng'ombe, za maturubai. Tunajua kujipanga, hakuna wa kutufundisha. Baba mdogo alipofariki, hela iliyochangwa kwa siku nne ingeweza kumlipa msaidizi wa kumgeuza usiku kwa miaka kadhaa. Alizikwa vizuri sana.

Desemba Wachagga tunarudi nyumbani, kila mtu anajua. Desemba iliyopita, kwenye kikao cha ukoo, baada ya hesabu za mfuko, niliweka kipima presha mezani na kuomba kila aliyefika miaka arobaini akae. Wazee walikuja kwanza, wakicheka. Waliostuka ni wale wa katikati, kaka zangu na binamu zangu wa mjini, wenye magari na vitambi, ambao namba zao zilikuwa juu kuliko za shangazi yetu wa miaka sabini na sita. Mmoja alirudia kupima, akasema mashine ni mbovu, akaomba wapimwe wengine waliobaki kwanza. Jioni alinifuata jikoni peke yake kuniuliza aanzie wapi.

Desemba hii nimeshaomba nafasi kwenye ajenda. Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya tano ya mfuko wa msiba itengwe kwa walio hai: upasuaji wa macho, viti vya choo, dawa za presha kwa wasio na bima, na posho ya mtu wa kumsaidia mama mdogo siku mbili kwa wiki. Baba mkubwa amekwisha kuniambia kwenye simu kwamba atapinga, kwa sababu hela ya wafu haichezewi na ukoo utachekwa jeneza likipungua. Nimemwambia, "Baba, nakusikia," na kwamba nitamwomba mama mdogo azungumze kabla yangu. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile mashine nitakuja nayo tena. Nitakuja na mbili, mwaka jana foleni ilikuwa ndefu.